Pasi ya kufunikia dhidi ya bloa: zana ipi inabandua filamu kuukuu bila kuumiza balsa

Anayetaka jibu la haraka alipate hapa hapa: pasi ndogo ya kufunikia, ile ile inayobandika filamu mpya, ndiyo zana bora ya kubandulia filamu kuukuu ya ndege ya mfano. Bloa ya hewa moto inafuata kwa mbali, na zipo sehemu za ndege ambazo haifai hata kuwashwa karibu nazo. Draya ya nywele ina kazi yake ndogo. Asetoni haibandui kitu, inafuta mabaki tu.

Sababu iko kwenye gundi. Filamu ya kufunikia ina tabaka mbili: plastiki nyembamba juu, na chini yake gundi inayolegea kwa joto. Kwa filamu za aina ya UltraCote na Oracover, gundi hulegea kwenye takriban nyuzijoto 90 hadi 110 za Selsiasi. MonoKote hutaka joto zaidi kidogo. Plastiki yenyewe huanza kujikaza kwa nguvu karibu na nyuzijoto 150. Kazi yote ya kubandua inafanyika katika pengo hilo. Ukiwa chini yake, gundi bado ni ngumu na inaondoka na vipande vya balsa, yaani mti laini na mwepesi ambao ndege hizi hutengenezwa nao. Ukilipita, unaharibu mara mbili: filamu inajikunyata na kukatika vipande vidogo vidogo, na gundi inakuwa majimaji, inanyonywa na vitundu vya mti na kubaki humo. Kwa hiyo zana inapimwa kwa jambo moja, yaani inakuweka ndani ya pengo hilo kwa urahisi kiasi gani.

Pasi ya kufunikia inashinda hapo kwa sababu inagusa. Soli yake, yaani uso wa chini unaopata moto, yenye urefu wa kama sentimita 10, inapasha moto sehemu ile tu unayoivuta, na inapasha uso wa juu bila kuuchemsha mti mzima. Hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Viungo vingi vya ndege ya balsa vimeshikwa kwa supaglu au gundi nyeupe ya mbao, na zote mbili hupoteza nguvu zikipata joto. Supaglu ya kawaida huanza kudhoofika karibu na nyuzijoto 80. Bloa ikikaa juu ya ubavu (kibao chembamba kinacholipa bawa umbo lake) kwa sekunde kumi, kiungo kinapata joto sawa na filamu, na mkono unaovuta filamu unavuta pia ubavu uliolegea. Pasi inapita, filamu inainuka, kiungo hakina habari.

Kabla ya kununua pasi, angalia themostati. Pasi za bei ya chini nyingi zina namba 1 hadi 10 tu kwenye kidhibiti, na namba hizo si nyuzijoto. Ipime mwenyewe. Kipimajoto cha infraredi kinadanganya kwenye soli inayong'aa, husoma chini ya joto halisi kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo bandika kipande cha tepu ya karatasi kwenye soli, subiri dakika moja ishike joto, kisha pima juu ya tepu. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika: 100 iko wapi, 120 iko wapi. Angalia pia joto linavyopanda na kushuka taa ikiwaka na kuzima. Likicheza nyuzijoto 10 juu na chini, pasi hiyo ni nzuri. Likicheza 30, itakusumbua, maana utaanza mvuto mmoja gundi ikiwa laini na kuumaliza ikiwa imeganda.

Soli yenye ncha ya mbele iliyochongoka kidogo na kingo za mviringo ni bora kuliko ya mraba. Kingo kali zinachora mistari kwenye balsa laini, na mstari uliochorwa wakati mti una joto hautoki kwa msasa mmoja. Pasi ya nguo ya nyumbani inaweza kutumika kwa dharura kwenye bawa pana lililofunikwa kwa ubao wote, lakini ni nzito, na matundu ya mvuke yanajaa gundi ambayo siku moja itahamia kwenye shati la mtu.

Namna ya kuitumia. Ondoa kwanza kila kitu kinachoondoka: betri, sevo (mota ndogo zinazosogeza usukani), matairi, kioo cha rubani, bawaba zinazofunguka. Betri za lithiamu ziende chumba kingine kabisa. Anza na uso wa juu wa bawa. Wanaofunika ndege huanza chini na kumalizia juu ili mshono ufichike, kwa hiyo filamu ya juu ndiyo iliyolala juu ya ile ya chini, na ukingo wake ndio wa kushika. Utaupata kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, ambapo filamu imepandana kwa kama milimita 5. Pitisha pasi yenye nyuzijoto 100 juu ya mshono kwa sekunde tatu au nne, ingiza ncha ya wembe, inua sentimita 2, kisha weka wembe chini. Kuanzia hapo kazi ni ya vidole.

Pembe ya kuvuta ndiyo inayotofautisha bawa safi na bawa lenye mashimo. Usivute filamu kwenda juu. Ikunje irudi nyuma, ilale karibu sambamba na uso ilikotoka, kisha ivute polepole huku pasi ikitangulia kwa upana wa kidole kimoja. Ukitazama kwa karibu utaona mstari pale filamu inapoachana na mti. Mstari ukiwa umenyooka na gundi ikinyumbuka kwa nyuzi fupi za milimita moja hivi kabla ya kukatika, joto ni sahihi. Nyuzi zikiwa ndefu kama za utando wa buibui, umezidisha, punguza. Kusipokuwa na nyuzi kabisa na ukasikia sauti ya kuchanika, simama hapo hapo, kwa sababu kinachochanika ni balsa.

Kwenye sehemu zilizofunikwa kwa ubao wa balsa, vuta kwa kufuata urefu wa nyuzi za mti, kamwe si kwa kuzikata. Kwenye bawa la mbavu wazi kuna njia nyepesi zaidi: kata filamu kwa wembe katikati ya kila uwazi kati ya mbavu mbili, kisha vuta kila kipande kuelekea ubavuni, halafu kandokando ya ubavu kwa urefu wake. Ubavu wa milimita 1.5 haustahimili kuvutwa kwa upande kwa nguvu. Unavunjika kwenye shina, pale unapokutana na boriti (mti mrefu unaolibeba bawa kwa urefu wake), na huo ndio ufa usioonekana mpaka filamu mpya ikazwe na bawa likunjike.

Ukingo wa nyuma unahitaji subira kuliko sehemu nyingine zote. Ni mwembamba, mara nyingi umechongwa hadi milimita 2, na gundi hapo ni ya filamu mbili. Uweke mwisho, na ushikilie kwa kidole upande wa chini wakati unavuta.

Kuhusu usafi wa pasi yenyewe: soli itakusanya gundi, hasa yenye rangi. Ipanguse ikiwa na joto kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, kila baada ya mita moja ya kazi. Usiikwangue kwa chuma. Soli nyingi zimepakwa tefloni na mkwaruzo mmoja unatosha kuifanya inase filamu mpya siku za mbele. Wanaotumia soksi ya pamba juu ya soli wakati wa kufunika wanaweza kuivalisha ile kuukuu wakati wa kubandua, lakini waongeze joto kwa nyuzijoto 10 kufidia kitambaa.

Sasa bloa. Mvuto wake unaeleweka: ni ya haraka, haigusi kitu, na watu wengi tayari wanayo kwa kazi nyingine. Kasoro ni kwamba hewa inayotoka mdomoni haina uhusiano wa moja kwa moja na joto la filamu. Umbali wa sentimita 5 na wa sentimita 15 ni zana mbili tofauti. Bloa za viwandani zinafika nyuzijoto 500 na zaidi, na hata kwenye hatua ya chini zinaweza kutoa hewa yenye joto la kuivusha filamu kwenye pengo letu kabla hujashika ukingo. Kinachotokea kinafahamika kwa yeyote aliyejaribu: filamu inajikunyata, inatoboka katikati, na ukingo uliotaka kuushika unakuwa uzi mgumu uliogandia mtini. Kuutoa huo sasa ni kazi ya wembe, milimita kwa milimita.

Filamu zenye plastiki ya polipropilini, kama zilivyokuwa Solarfilm, zina hatari zaidi kwa sababu plastiki hiyo huyeyuka karibu na nyuzijoto 160, wakati poliesta huvumilia hadi kama 250. Polipropilini iliyoyeyuka juu ya balsa haina dawa isipokuwa msasa.

Pamoja na hayo, bloa ina sehemu zake. Kona za ndani ambazo soli haifiki, kama pale bawa linapoungana na bodi, au mzunguko wa mkia wa wima. Mviringo mkali wa pua ya ndege. Na vitambaa vya poliesta kama Solartex, ambavyo ni vizito, havijikunyati kirahisi, na vinatoka kwa kipande kimoja kirefu vikipata joto la upana. Kama utaitumia, chagua yenye kidhibiti cha joto kinachosoma nyuzijoto, iweke 150 au chini yake, shika umbali wa sentimita 10, na iwe inatembea muda wote. Kata filamu kabla ya kuwasha, kwa sababu nafasi iliyozibwa kati ya mbavu ikipata joto, hewa ndani yake hutanuka na kuipuliza filamu kama puto, na puto hilo likipasuka linakurushia plastiki yenye gundi moto.

Usiilete bloa kwenye bawa la povu lililofunikwa kwa balsa. Balsa ya milimita 1.5 inapitisha joto, na povu la polistireni hulegea kabla ya nyuzijoto 100. Linasinyaa chini ya mti, na unabaki na bonde ambalo hakuna filamu itakayolificha. Kwenye mabawa hayo pasi yenyewe iwekwe kwenye kiwango cha chini kabisa kinacholegeza gundi, ipite haraka, na sehemu moja isipate joto mara mbili mfululizo. Kusubiri dakika tatu kati ya mvuto na mvuto si uzembe.

Kuna tahadhari moja inayozidi zote. Ndege za zamani sana hazikufunikwa kwa filamu. Zilifunikwa kwa karatasi laini au hariri iliyopakwa dopu (vanishi ya kukaza na kuziba kitambaa), na dopu ya nitrati hushika moto kwa urahisi wa kutisha. Kabla ya kuwasha chochote, chovya pamba kwenye asetoni na ugusishe mahali pa kujificha, chini ya mkia. Uso ukiwa wa kunata, hiyo ni dopu au rangi, na joto halina kazi hapo, itatoka kwa thina na kitambaa. Uso ukibaki ulivyo, ni filamu ya plastiki, endelea na pasi.

Draya ya nywele haistahili aya ndefu. Inalegeza gundi ya stika vizuri sana, na kwenye filamu za joto la chini inaweza kutosha kwa mkia wenye upana wa kiganja. Kwenye MonoKote utachoka mkono bure.

Hapo ndipo aina ya filamu inapoingia kwenye hukumu. UltraCote na Oracover hubanduka safi kwa kawaida. Gundi inayobaki ni utando mwembamba usio na rangi nyingi, na mara nyingi unaweza kufunika juu yake baada ya kupitisha msasa mwepesi. MonoKote ni habari nyingine. Plastiki yake ni angavu, na rangi imechanganywa ndani ya gundi. Maana yake ni kwamba gundi inapogawanyika, nusu inaondoka na filamu na nusu inabaki mtini ikiwa nyekundu, bluu au nyeusi. Mtu anayebandua MonoKote mara ya kwanza hudhani amekosea, lakini hajakosea, ndivyo ilivyotengenezwa. Joto likiwa la wastani na mvuto ukiwa wa polepole, sehemu inayobaki hupungua sana, lakini haiishi.

Umri nao hubadilisha mambo. Uso wa juu wa bawa umekula jua kwa miaka na filamu yake hukatika kama karatasi kavu, wakati uso wa chini wa bawa hilo hilo unatoka kwa vipande virefu. Kwenye filamu iliyokauka namna hiyo, punguza upana wa vipande: chora kwa wembe mistari ya sentimita 3 kwa 3, bila kugusa mti, na uvute ukanda mmoja mmoja. Kwa sehemu iliyolala juu ya balsa ni salama zaidi kuchora kwa ncha ya kalamu ngumu kuliko wembe, kwa kuwa filamu kavu hupasuka kwa kufuata mkwaruzo.

Mabaki ya gundi. Njia nzuri kuliko zote ni ya kwanza ambayo watu huiruka: weka karatasi laini ya kufutia, ya jikoni au chooni, juu ya mabaki, pitisha pasi juu yake kwa nyuzijoto 120 kwa sekunde mbili, inua karatasi ikiwa bado moto. Gundi inahamia kwenye karatasi. Rudia kwa karatasi mpya mara mbili au tatu. Kwa MonoKote iliyobakiza rangi nzito njia hii inaondoa sehemu kubwa bila tone la kemikali, na ndiyo sababu nyingine ya pasi kupata alama za juu kuliko bloa, ambayo haina namna ya kufanya hivi.

Baada ya hapo ndipo asetoni. Kitambaa cheupe cha pamba, kilicholowa lakini kisichodondosha, kifutwe upande mmoja tu kwa kufuata nyuzi za mti, na kigeuzwe uso kila mpito. Kusugua kwa kuzungusha kunaifanya rangi iwe majimaji na kuisukuma ndani ya vitundu, na nyekundu iliyozama hivyo itaonekana chini ya filamu nyeupe au njano hata ukifanya nini. Kama utafunika tena kwa rangi nzito, doa hilo halina shida. Usipoteze mchana mzima kulipigania.

Asetoni inayeyusha povu la polistireni papo hapo, inalainisha vifuniko vya injini vya plastiki ya ABS, na ikikaa muda inadhoofisha viungo vya supaglu, kwa hiyo usimimine kamwe karibu na mbavu. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali. Pasi na bloa ziwe zimechomolewa kwenye umeme na zimepoa kabla chupa haijafunguliwa, madirisha yawe wazi, na vitambaa vilivyotumika vikauke nje. Glavu za nitraili nyembamba hazistahimili asetoni kwa muda mrefu; badilisha kila zinapoanza kunata. Watu wengine hutumia thina ya rangi za magari, na inafanya kazi, ila ni kali zaidi kwa pua na haina faida ya kutosha kuichagua. Tapentaini mbadala iache kabisa: inaacha mafuta, na filamu mpya haishiki juu ya mafuta.

Msasa uje mwisho. Ukianza nao, joto la msuguano linalegeza gundi, msasa unajaa kwa mipito mitano, na vinundu vya gundi vilivyonasa kwenye karatasi vinalima mifereji kwenye balsa. Baada ya asetoni kukauka, namba 220 kwenye kibao bapa, kisha 400, kwa mkono mwepesi. Mashimo yaliyoachwa na nyuzi zilizong'oka yajazwe kwa puti nyepesi ya ukutani, si puti ya magari, ambayo ni nzito na ngumu kuliko mti unaouzunguka, ukipiga msasa inabaki kinundu wakati balsa inashuka.

Ndege zilizoruka kwa injini za methanoli zina tatizo la ziada kuzunguka ukuta wa injini: mafuta yamezama kwenye mti, na huko filamu kuukuu inatoka yenyewe kwa kidole. Hiyo si bahati nzuri. Tandaza unga wa mahindi laini juu ya sehemu hiyo, ipashe moto taratibu kwa bloa ya chini, acha unga unyonye, futa, rudia hadi unga utoke mkavu. Hii ni kazi moja ambapo bloa inaishinda pasi waziwazi.

Bawa lililovuliwa filamu ni dhaifu kuliko linavyoonekana, kwa sababu filamu iliyokazwa ndiyo iliyokuwa ikizuia lisijipinde. Lilaze kwenye meza bapa, na uzito mdogo juu ya boriti, mpaka siku ya kufunika upya. Ukiliegemeza ukutani kwa wiki moja unaweza kukuta ncha imejipinda kwa pembe ya nyuzi mbili au tatu. Na kabla ya kulilaza, lipime kwenye mizani, ulinganishe na uzito wake wa kabla ya kubandua. Filamu ya kawaida ina uzito wa takriban gramu 50 hadi 70 kwa mita ya mraba. Ukijua eneo lililovuliwa, tofauti ya uzito itakuambia ni gundi kiasi gani imebaki. Mkiani ndiko gramu hizo zina gharama kubwa, kwa kuwa kila gramu iliyoachwa nyuma inadai gramu kadhaa za madini ya risasi puani ili ndege isawazike. Kwa hiyo kama asetoni au muda havitoshi kusafisha ndege yote, visafishie mkia kwanza.